Mbwa Aliyeshika Kanga

Paukwa! Itikieni polepole wanangu, hii si ya kuchekesha.

Alikuwako Bi Nyamvula, aliyefiwa na bintiye wa pekee. Akaokota mbwa mzee, kiziwi, aliyetupwa na wenyewe. Majirani wakacheka: "Atakulinda nini huyo, hata radi haisikii?"

"Nyumbani kwangu pana nafasi," akawajibu.

Adhuhuri moja zimwi likaja mlangoni na sauti ya marehemu: "Mama, nifungulie!" Bi Nyamvula akakimbilia komeo. Mbwa hakusikia sauti, alinusa zimwi. Akaing'ang'ania kanga ya mama kwa meno yake mawili yaliyobaki. Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu sauti ikalia: "Mama, jua linaniunguza!" Bi Nyamvula akampiga mbwa kwa mwiko, akampiga tena. "Niachie, ni mwanangu!"

Hakumwachia.

Sauti ikanyamaza. Bi Nyamvula akachungulia dirishani, akaona nyayo za zimwi zikiondoka, pana kama nyungo. Akainama. Mbwa amekufa, kanga ingali menoni.

Akaikata, akamzika na kile kipande. Hadithi yangu naiacha hapo mlangoni: kila adhuhuri Bi Nyamvula huketi na kanga yenye pengo, hana wa kumwita mama, wala wa kumshika asitoke.