Kufuli la Likizo

Kaeni, wapendwa, kaeni. Leo sitawasalimu mara ya pili. Nimewasalimu mara moja na mmeitika mpaka bati limetetemeka, nawashukuru. Lakini nina neno na huko kuitika kwenu.

Juma hili wengi wenu mko likizo, mmetulia majumbani. Nikasema vema, nitawapitia niwajulie hali. Nikafika kwenye nyumba moja. Siitaji, wenyewe wako hapa, na mmoja wao ameshaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Redio inaimba, kijiko kinagonga sufuria, nasikia kwa masikio yangu. Nikapiga hodi. Redio ikazimwa! Nikapiga hodi tena. Kijiko nacho kikanyamaza. Mchungaji wenu nimesimama mlangoni, kofia mkononi, nanusa samaki wenu, na ndani mmetulia kama hamjazaliwa. Jamani! Nyumba ya pili niliona miguu chini ya pazia, imevaa kandambili za bluu. Nikaiambia ile miguu, "Hodi." Ikarudi nyuma hatua moja.

Nilifika nyumbani nimekasirika, mke wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia niache kwanza. Hasira hiyo ninayo mpaka sasa, sitawaficha. Nisikilizeni.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa ajira yake, mwenye mke na watoto wawili wadogo. Akapata likizo. Kila likizo huenda kijijini kumwona mama yake, lakini mwaka ule akamwambia mkewe, "Mama watoto, mwaka huu tunakaa nyumbani. Tubane matumizi." Mke akakubali. Na mimi ningekuwa pale ningekubali. Hali mnaijua.

Wakaanza vizuri. Maharage wanaloweka tangu jana yake, yaive upesi, mkaa usiliwe bure. Sufuria ikiipuliwa, makaa yaliyobaki yanapasha maji ya kuoga watoto. Maji ya kusuuzia vyombo yanamwagiliwa mchicha. Vile vipande vya sabuni vinavyobaki vidogo kama ukucha wanavigandisha pamoja, wanafulia. Watoto baba anawanyoa mwenyewe. Mnacheka nini? Walinyolewa vibaya, ndiyo, lakini nywele huota. Hapo simlaumu hata kidogo. Nyumbani kwangu sabuni tunagandisha, na mchicha wa mama mchungaji mnaousifia unakunywa maji ya vyombo. Haba na haba hujaza kibaba, nani atabisha?

Sasa, nyumba yenye watu wa likizo haikosi wageni. Kulikuwa na jirani, mwanamke wa ng'ambo ya ua, kila jioni chumvi imemwishia. Sijui alikuwa anaipeleka wapi. Kulikuwa na shemeji yake huyu bwana, mdogo wa mkewe, anayefika saa za chakula kana kwamba amepigiwa kengele. Bwana akawa anawatazama. Anaona chumvi inatoka, anaona tonge la ugali linaondoka, na moyo wake unaondoka nalo. Siku moja akamwambia mkewe, "Hatumalizwi na mkaa sisi. Tunamalizwa na watu."

Mke akasema, "Huyo ni mdogo wangu."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," bwana akamjibu.

Huyo naye, na methali! Hizo siku mbili zenyewe alizitoa lini?

Basi akaja na mpango wake. Akaenda dukani akanunua kufuli. Lile kubwa, la shaba, lililoning'inizwa juu kabisa ambalo muuzaji hulifuta vumbi tu kwa sababu halinunuliwi. Mtu amebana sukari ya chai wiki nzima, kanunua kufuli la geti la bohari! Kisha akatangaza mtaani, "Tunakwenda kwa mama kijijini, likizo yote." Wakatoka asubuhi na mabegi, watoto mbele, kila mtu anawaaga, jirani wa chumvi anawapungia kanga. Akafunga geti kwa lile kufuli, akalitikisa ili wote wasikie. Wakazunguka nyuma ya shule, watu walipokwenda sokoni wakapenya kwenye tundu la ua, wakaingia kwao kwa mlango wa uani. Na simu akazima, wasije ndugu wakapiga.

Hapo likizo ikaanza. Likizo gani! Mapazia yamefungwa mchana. Watoto wanaambiwa wacheze kwa kunong'ona. Mmewahi kuona mtoto akicheza kwa kunong'ona? Kukohoa ni ndani ya mto. Kitunguu hakikaangwi, harufu itatoka. Ulishawahi kukaanga kitunguu kwa siri, wewe? Wanakula maharage ya kuchemsha, meupe, wanatazamana. Na ule mchicha wao wa maji ya vyombo, kuku wa jirani wakaingia bustanini. Bwana yuko nyuma ya pazia anawaona. Wanachakura, wanang'oa, wanachagua. Hawezi kusema hata "shuu"! Amekwenda kijijini huyo, atasemaje "shuu"? Kuku wakamaliza mchicha wote, wakapumzika kivulini.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, tufungue. Nimechoka kuwa mwizi kwangu."

"Vumilia," akasema. "Umeona chumvi ilivyojaa?"

Chumvi, wapendwa. Mtu anaifurahia chumvi.

Kule kijijini, mama yake alipiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mzee wa watu akajiuliza, mwanangu ana nini? Yuko likizo, hajaja, hasikiki. Akafunga gunia lake: maharage, mikungu miwili ya ndizi, unga wa kusaga mwenyewe. Akawaambia wenzake, "Niende na chakula changu, nisimlemee, maisha ya mjini yamekaza." Sikieni mama huyo. Mwana anakimbia wageni kwa ajili ya tonge, na mgeni yuko njiani amebeba gunia.

Akafika getini mchana. Kufuli. Akapiga hodi. Ndani, bwana alipoisikia ile sauti alisimama katikati ya sebule kama aliyekanyaga msumari. Yule mtoto mdogo akafungua mdomo kumwita bibi yake, na baba mtu akamziba kwa kiganja.

Jirani wa chumvi akatoka, akasema, "Shikamoo, mama. Hawapo hao. Wamekuja kwako."

"Kwangu?"

"Ndiyo, kwako. Walituaga na mabegi. Wiki ya pili sasa."

Bibi akaliachia gunia likaanguka. Akasema, "Mwanangu, kwangu hawajafika."

Mnaona mambo hayo? Wameondoka, hawajafika, simu hazipatikani. Na wiki ile waliyoondoka redio ilitangaza basi limepinduka njia ile ile. Yule mama akakaa chini palepale kwenye mchanga, akashika kichwa, akalia. Na kilio cha mama aliyefiwa mnakijua, hakihitaji kutangazwa. Mtaa mzima ukatoka. Mikeka ikatandikwa mbele ya geti. Jirani wa chumvi akavua kanga yake ya juu akamfunika bibi mabega, akapeleka unga wake, chumvi yake, akawasha moto kuwapikia waliokuja kulia. Kumbe chumvi alikuwa nayo siku hiyo! Shemeji, yule wa kengele, hakula hata tonge. Aliazima baiskeli akaenda mbio stendi kuuliza kila basi, "Dada yangu na wanawe hamkuwapakia?"

Na marehemu yuko wapi? Yuko nyuma ya pazia.

Mke analia ndani kwa ndani. "Toka umwambie mama yako uko hai!"

"Nitatokaje? Nitasema nini mbele ya mtaa mzima? Ngoja giza liingie, tupite nyuma na mabegi, tutokee stendi kama tunarudi."

"Mama yako anakufa pale nje!"

"Atalia, atachoka, atanyamaza. Kesho atafurahi."

Hebu niambieni. Mama yako analia kwa jina lako, umbali wa kutoka hapa mpaka pale kwa kwaya. Unangoja nini? Aibu? Aibu inauma kuliko kilio kile? Nilipokuwa natayarisha mfano huu nilinyanyuka kwenye kiti, nikamwambia yule bwana kwa sauti, "Toka, wewe!" Hakutoka.

Alasiri shemeji akarudi na baiskeli, jasho linamtiririka, hana habari yoyote. Bibi amelia mpaka sauti imekauka, yuko juani bado. Jirani wa chumvi akasema, "Jamani, mama huyu atatuangukia. Vunjeni kufuli, aingie akalale kwenye kitanda cha mwanawe." Nyundo ikaletwa. Shemeji akaishika. Ndani, mke akaona basi, potelea mbali, akajifunga kanga aende mlango wa uani akaseme ukweli. Hajafika mlangoni, nyundo ikashuka kwenye shaba. Ko!

Na sauti ikatoka dirishani, sauti nene, ya mwanamume mwenye uchungu kabisa:

"Msivunje! Msivunje jamani, jipya hilo! Funguo ninazo!"

Nyundo imebaki hewani. Jirani wa chumvi akawageukia wenzake akasema, "Marehemu anasema funguo anazo."

Bwana akatoka kwa kuzunguka nyuma, kandambili miguuni, funguo mkononi. Mke na watoto nyuma yake, wale watoto wakaenda mbio kwa bibi, akawakumbatia, akawashika vichwa vyao vilivyonyolewa vibaya, akawabusu. Kisha akamtazama mwanawe. Hakumpigia kelele, sauti hakuwa nayo.

Akasema, "Mwanangu, nimelia hapa tangu mchana, ukaninyamazia. Kufuli limegongwa mara moja, ukaitika."

Akainuka. Bwana akamwambia, "Karibu ndani, mama," na geti akalifungua lote. Bibi akasema, "Mimi nitalala kwa huyu aliyenifunika." Akaenda kwa jirani wa chumvi, gunia lake likafuata, wajukuu nao wakalifuata gunia, na mama yao akawafuata wanawe. Jioni ile, bwana amekaa peke yake sebuleni, ilipita juu ya ua harufu ya kitunguu kinachokaangwa, na maharage ya mama yake. Mezani kuna kufuli. Halina hata mkwaruzo. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile aliyepona ni kufuli.

Sasa mmenyamaza. Mlikuwa mnamcheka, mbona mmenyamaza?

Sikuja hapa kuwaambia mfuje mali. Lowekeni maharage. Gandisheni sabuni. Zimeni taa chumba kisicho na mtu, mnaniudhi na taa zenu za mchana. Lakini kile kilichobaki, ulikibakiza ule na nani? Sisi tumejifunza kubana mpaka tumebana na mlango. Mama anapiga simu, tunaitazama inavyoita mpaka inachoka, tunasema atataka kitu huyu. Mbuzi wa jirani akigusa mahindi yetu tunatoka mbio, taulo kiunoni! Simu ya mama hatuisikii, mbuzi tunamsikia. Ndugu akilia tunangoja giza liingie. Mtu akigonga gari letu kwa kiwiko, kwa kiwiko tu, tunaitika kabla hajageuka. Basi tusiulizane nani anampenda Mungu. Tuulizane tunaitika tunaposikia nini. Hapo kila mtu atajijua, na mimi nimo.

Wenye mama walio hai, leo kabla hamjala, simu ziwashwe. Usiniambie huna salio, mwombe wa pembeni yako, huo nao ni ushirika.

Na Jumanne napita tena. Nitakuwa nimeshiba kwangu, samaki wenu kuleni kwa amani. Mkinipa maji yatanitosha, na kama hakuna maji nipeni kigoda nipumzishe magoti. Wewe wa kandambili za bluu, pazia lako ni fupi, nakuambia kwa upendo. Nikipiga hodi, iacheni redio iendelee kuimba, na mtu mmoja, yeyote, hata mtoto, aseme karibu.

Tusimame tuombe.