Pengo la Kidole Kimoja

Hapo zamani za kale, enzi hizo Chui alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kula mtu, palikuwa na bwawa kubwa lililojaa matete. Nyie wa nyuma, acheni kusukumana. Hadithi hii si ya kuchekacheka.

Katikati ya bwawa palikuwa na kisiwa kidogo. Hapo aliishi ndezi mmoja, panya mkubwa wa matete, mjane Bi Sikudhani, na wanawe wanne ambao hawajajua kuogelea. Mumewe aliliwa na Chui masika yaliyopita. Alitoka kwenda kutafuta mizizi, hakurudi.

Asubuhi moja alikuwa anawakogesha watoto, mara akasikia sauti ng'ambo.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ile aliijua.

"Karibu, Bwana Chui," akajibu, maana adabu ni adabu. "Karibu huko huko uliko."

"Ahsante, shemeji. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wamenenepa?"

Bi Sikudhani aliwasukumia watoto nyuma yake.

"Najua unajiona salama," Chui akasema, kwa upole ule ule. "Unasema bwawa hili lina matope yanayomeza. Lakini ipo njia ya maji mafupi, na matete yenyewe ndiyo yanayoionesha. Au nasema uongo?"

"Nani kakwambia?"

"Marehemu mumeo. Nilimwambia nifundishe alama, nikuache uende zako. Akanifundisha. Tete lina kichwa cha kahawia kama muhindi wa kuchoma, na juu yake mkia wenye vumbi la njano. Mkia ukigusana na muhindi, maji ni ya kifundoni, pita. Ukiona pengo la kidole kimoja kati ya hivyo viwili, hapo ni shimo, usikanyage."

"Na ukamwacha aende?"

Chui akajilamba mdomo. "Shemeji, nilikuwa na njaa." Akageuka. "Leo nimeshiba. Kesho asubuhi nitakuja."

Huyoo, akaenda zake.

Bi Sikudhani akakaa chini akalia. Alimlilia mumewe, na alimkasirikia pia. Siri ya nyumba humpi adui, jamani, hata ukifa! Angewapeleka wapi watoto wanne wasiojua kuogelea, na maji ya kifundoni mwa Chui yangewafunika wao?

Alipochoka kulia akapangusa pua. Akaanza kuyarudia maneno ya Chui, moja moja. Kichwa. Mkia. Pengo.

"Na jani je?" akajiuliza.

Lo! Mumewe hakutaja jani!

Maana kila ndezi anajua tangu utotoni: tete la maji mafupi lina jani pana, vidole viwili vinalala juu yake. Tete la shimoni lina jani jembamba, halifiki hata kidole kimoja. Mumewe alikuwa na makucha ya Chui shingoni, na bado alitoa nusu akaficha nusu.

"Hukutuuza, baba watoto," Bi Sikudhani akasema kwa sauti. "Nisamehe."

Akaingia majini akiogelea. Alianza na matete ya shimoni, yale ya jani jembamba. Akavuta moja, akalilalisha, akaliziba pengo kwa tope alilochanganya na manyoya ya kahawia ya kichwa chenyewe, juu akapaka vumbi la njano. Akaliachia. Fyaa! Likasimama. Akavuta la pili. Fyaa! La tatu. Mstari mzima, kutoka ukingoni mpaka karibu na kisiwa.

Kisha akahamia kwenye njia yenyewe, penye jani pana. Huko akatumia meno. Kwecha, kwecha, akatafuna pale mkia na muhindi vinapogusana, akaacha pengo la kidole. Fizi zilimtoka damu. Jua lilipozama alikuwa amemaliza, na hakuwa na nguvu hata ya kula.

Asubuhi ikafika, na Chui naye akafika.

"Hodi, shemeji!"

Bi Sikudhani akasimama ukingoni mwa kisiwa, akapaza sauti.

"Bwana Chui, nakusihi, usipite hapo penye vichwa vilivyoshikana na mikia. Utazama. Njia ya maji mafupi ni ile pale, penye mapengo."

Chui akacheka mpaka masharubu yakatikisika. "Ala! Mumeo alikuwa mkweli kuliko wewe."

"Nimekwambia."

"Umeniambia!" Akatazama vichwa. Vimegusana, vizuri kabisa. Majani hakuyatazama, ya nini? Akajikunja, akaruka.

Chubwi!

Matope yakamshika miguu, yakapanda tumboni. Alipojikwamua mguu mmoja, mitatu ikazidi kuzama.

"Shemeji! Vichwa vimeshikana!"

"Nimevishikanisha kwa mkono wangu. Tazama jani, Bwana Chui."

Chui akatazama. Jani jembamba, huku na huku, kote jembamba. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikapoteza upole.

"Jani? Hakuniambia habari ya jani!"

"Ungemwacha aende, labda angekuambia."

"Nivute, shemeji. Naapa sitarudi tena hapa."

"Mume wangu naye ulimwahidi."

Matope yakafika shingoni. Bi Sikudhani hakushangilia, wala hakugeuza uso. Alisimama pale mpaka maji yakatulia, zii. Kisha akawaita watoto wote wanne, akawashikisha jani pana, akawashikisha jani jembamba, na akawaambia ni nani aliyewaokoa.

Basi wanangu, shikeni hili: elimu unayomnyang'anya mtu kwa makucha haiji nzima.