Panya Aliyetwanga Bila Kukoma

"Paukwa!"

"Pakawa, lakini tumechoka."

"Hata mimi. Basi tuchoke pamoja."

Palikuwa na Kiboko, na Kiboko alikuwa na kinu. Palikuwa na Panya, na Panya hakuwa na kitu ila mikono. Panya atwange mpunga, Kiboko ale wali. Du! Du! Du! Siku ya saba hiyo, usingizi umemjaa Panya mpaka kwenye masharubu.

Kiboko alifunga kamera juu ya kinu, akawa anakaa chumbani kutazama picha zake kwenye kioo. Ukoo wao una mwiko: mchi ukiwa unashuka, mwenye kinu haondoki kitini wala hali. Kwa hiyo njaa ikimshika hupaza sauti: "Wewe! Weka mchi!" Akimaliza sahani: "Wewe! Twanga!" Usingizi wa Panya ulikuwa na urefu wa sahani moja.

"Bwana, nina jina," Panya alimwambia.

"Jina la nini? Jina halitwangi. Twanga!"

Kompyuta ya kamera ilikaa stoo, na aliyeiendesha ni Panya, maana kidole cha Kiboko kilibonyeza herufi nne kwa mpigo. Siku hiyo, Kiboko akiwa anatafuna, Panya akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Akataja video ya jana, ile inayomwonyesha akitwanga. Akaandika: rudia kwenye kioo cha chumbani. Mara ngapi? Akaandika hasi moja, ambayo kwa mashine ile ni kusema usikome. Ta! Akabonyeza. Akajikunja juu ya gunia.

Kiboko akarudi kitini. Du! Du! Du!

"Eh! Leo kaanza bila kuambiwa!" akacheka.

Mchana ukafika. "Wewe! Weka mchi!"

Du! Du!

"We Panya, wali unapoa!"

Du! Du!

Usiku ukapita. "Panya mwenzangu, kwani huchoki?"

Du! Du!

Siku ya tatu hapo kitini tumbo likanguruma, nguru-nguru, na sauti ikamkauka. Kiboko akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akasema polepole:

"Bi Mwanakheri. Tafadhali. Pumzika."

"Ndiyo kwanza naanza, bwana," ikajibu sauti kutoka stoo.

Fundisho, jamani: tufanye kazi bila kupumzika, kama yule Panya wa kwenye kioo. Hadithi imefika. Anayeitaka tena airudie mwenyewe, mimi nalala.