Kekee ya Mdomo Wazi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, palikuwa na mji ambao kila pambo la fedha lilipigwa chapa ya jina kwa ndani. Jina moja tu, tena la mume. Mke alivaa, mume alimiliki. Mwanamke akiachwa, alivua mafurungu yake ya miguuni mlangoni, akatoka miguu mitupu. Watu waliona ni sawa, hata walioachwa.

Mjini humo alikuwapo Somoe, mchora hina. Siku moja alichora picha ya kekee, ile bangili pana, lakini hakuipamba kwa maua. Ilikuwa mdomo wa mwanamke, wazi, meno yote nje.

Mwanaidi, mke wa tajiri wa nafaka, akauliza, "Shoga, pambo gani hili la kutisha?"

"Si la kupendeza watu hili. Ni la kuwaambia tumechoka."

Mwanaidi akavua mafurungu yake palepale, akampa. Mumewe aliposikia, akamwacha siku hiyohiyo, akamnyima na watoto. Hilo la watoto lilimuuma kuliko talaka.

Fedha ya mafurungu hayo ikapelekwa kwa Mafunda, binti wa sonara. Mwanamke kushika nyundo ilikuwa mwiko, ila Mafunda alijifunza kwa kuchungulia. Akayeyusha, akafua, akaharibu mara mbili, akaungua vidole vitatu. Mara ya tatu kekee ikatoka. Baba yake akamfukuza nyumbani.

Mwanaidi akaivaa kwenye harusi ya binti wa liwali. Kesho yake bibi harusi akakataa pambo lenye jina la mumewe. Wiki haijaisha, wanawake wote wa mji wamekataa.

Wanaume wakamwendea liwali. Liwali huyo alipenda usingizi, akataka jambo liishe.

"Kekee hiyo ipigwe jina la mwanamke, nitalikubali, na mapambo yote ya mji yatafuata," akasema. "Lakini jina moja, kama ilivyo desturi. Ikifika adhuhuri ya Ijumaa haina jina, iyeyushwe, tajiri arudishiwe fedha yake, na mambo yabaki yalivyokuwa."

Ijumaa wakakutana barazani kwake.

Somoe akasema, "Kabla yangu hakuna aliyewahi kuiwaza. Nyinyi mlikuwa mnavaa na kuvua tu." Watu wakasema, "Kweli, ni yake."

Mwanaidi akasema, "Somoe, wewe bado unachora. Mafunda bado anafua. Mimi sina wanangu." Watu wakasema, "Kweli, ni yake."

Mafunda akasema, "Picha haivaliki. Na mafurungu yako, dada, yangebaki mafurungu. Tazameni vidole hivi." Watu wakasema, "Kweli, ni yake."

"Tuandike matatu," mtu akapendekeza.

"Cha watu watatu hakina mwenyewe," liwali akajibu, akapiga miayo.

Masonara wote walikuwa wamekataa kupiga jina la mwanamke. Kwa hiyo nyundo ikashikwa na Mafunda mwenyewe. Aliogopa kujiandika, akaogopa kutojiandika. Aliwatazama wenzake wawili, nao wakatazama chini, maana kila mmoja alilitaka jina liwe lake na aliona haya kulidai tena. Tajiri alikwisha kunyoosha mkono. Msikitini muadhini akakohoa kusafisha koo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Nyundo iko juu na adhana inaanza. Je, nani alistahili?