Boneti ya Ushindi wa Kwanza

Hapo zamani, na msinikatize kuuliza zamani ipi, ni ya juzijuzi tu, nilikuwa bado na meno yangu yote, alikuwepo injinia wa magari ya mbio aitwaye Ndeshi. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, mikono imejaa makovu ya kuungua na ekzosi. Akiinamia injini kuisikiliza, gereji nzima ilinyamaza.

Ndeshi alifanya kazi miaka kumi na tisa kwa tajiri mmoja wa Arusha, Mzee Mringo. Katika timu ile kulikuwa na desturi. Gari jipya likishinda kwa mara ya kwanza, boneti yake inang'olewa, haioshwi, inapewa mtu mmoja akaitundike ukutani kwake. Heshima yake ilizidi ya kikombe. Kikombe kinanunuliwa dukani, lakini boneti ina tope la barabara yenyewe.

Basi magari yakashinda. La kwanza likashinda, boneti ikaenda ofisini kwa Mringo. La pili likashinda, boneti ikaenda ofisini kwa Mringo. La tatu likashinda, na ilikokwenda mnakujua. Aliyeyaunda yote matatu ni Ndeshi. Kila alipoingia ofisini kusainiwa fomu ya likizo alizikuta pale ukutani, na kila alipotoka alitoka na donge kooni. Hakununa, hakusengenya. Lakini ilimuuma, na mimi nasema ilimuuma kwa haki.

Mwaka wa ishirini akaaga vizuri, akahamia Boma Ng'ombe, akapangisha godauni lililokuwa la mahindi, akaanzisha timu yake mwenyewe. Timu ya gari moja! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akawakusanya watu wake siku ya kwanza, akawaambia:

"Boneti yetu ya kwanza haitakuwa yangu. Itakwenda kwa yule ambaye bila yeye tusingefika. Najua inavyouma kusahauliwa."

Maneno matamu. Hakujua kwamba alikuwa anajifunga kamba mwenyewe.

Watu wake walikuwa watatu. Dereva alikuwa Hamduni, kijana wa Tanga, maneno mengi na mguu mzito kwenye mafuta. Msoma ramani alikuwa Tumsifu, zamani mwalimu wa hesabu. Huyu ndiye hukaa kushoto kwa dereva akimsomea kona na kumtunzia muda. Na wa tatu Mzee Luhende, mchomeleaji kutoka Shinyanga, mtu asiyesalimiana na yeyote asubuhi mpaka amalize chai yake ya pili.

Mzee Luhende alichomelea ngome ya gari, yale mabomba yanayozunguka ndani ili gari likipinduka paa lisiwalalie waliomo. Alipomaliza akayagonga kwa nyundo, moja moja, sikio limeinama. Akasema, "Maungio mawili siyaamini." Akakata yote, akaanza upya.

Hamduni akaruka juu. "Mzee, shindano ni Jumamosi hii! Hayo maungio hata hayaonekani!"

"Mimi nayaona," akasema Mzee Luhende, akavaa miwani yake ya kuchomelea.

Shindano la kwanza la msimu likawapita hivihivi. Ndeshi alimeza mate akavumilia.

Likaja shindano la pili, la siku mbili, kwenye barabara za udongo, mvua imenyesha wiki nzima. Jumamosi asubuhi Hamduni akaenda vizuri sana, halafu akaenda vizuri kupita kiasi. Kwenye kona moja gari likateleza, likapanda ukingo, likapinduka mara mbili, likasimama tena kwa magurudumu yake. Kisha Tumsifu akasema, "Kona inayofuata ni kulia." Ngome haikupinda hata kidogo. Vioo vilimwagika, boneti ikakunjamana, watu wawili walitoka na michubuko tu. Ndeshi aliposikia kwenye redio alikaa chini kwenye tope, akalia kwa kushukuru.

Wakajikokota mpaka kwenye kituo cha matengenezo. Hapo timu hupewa nusu saa kutengeneza gari, si dakika zaidi. Boneti ikapigwa nyundo mpaka ikafunga. Lakini shafti ya gurudumu la mbele ilikuwa imekatika, na timu ya gari moja haikuwa na shafti ya akiba. Ndeshi akatazama saa, akatazama gurudumu, akajua safari imeishia pale.

Akaona mtu anakuja kwenye tope amebeba kitu kirefu begani. Mzee Mringo mwenyewe, suruali ya kupigwa pasi imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, Mzee," akasema Ndeshi.

"Marahaba. Chukua."

"Hii ni shafti yako ya akiba. Unayo nyingine?"

"Ndeshi, unapoteza dakika. Funga shafti."

Akafunga. Gari likaondoka.

Jumapili mchana gari la Mringo ndilo lililokuwa linaongoza, na gari la Mringo likakatika shafti. Shafti ya aina ileile, ya gurudumu lilelile! Halikuwa na ya akiba, likabaki kando ya barabara. Magari mengine yalikwisha kunasa kwenye tope. Wakabaki wawili wanaofukuzana: gari la Ndeshi mbele, gari la vijana wa Moshi nyuma kwa sekunde chache.

Kabla ya kipande cha mwisho cha barabara kuna kituo cha muda. Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo wengi huangukia pua. Kila gari limepangiwa dakika yake ya kuingia. Ukichelewa unaadhibiwa, na ukiwahi unaadhibiwa pia, dakika kwa dakika. Hamduni alifika, akaona watu wanapunga mikono, wanaita, "Njooni! Njooni!" Akakanyaga mafuta. Tumsifu akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari likasimama hatua tatu kabla ya kibao cha njano, pale kituo kinapoanzia.

"Umechanganyikiwa?" Hamduni akapiga kelele. "Tumechelewa!"

"Tumewahi dakika moja."

"Wote wanatuita!"

"Wanaotuita hawana saa yangu. Kaa."

Dakika nzima. Hamduni anatukana, watu wanazomea, Tumsifu anaitazama saa yake tu. Kisha akaachia breki. "Sasa."

Wakaingia kwa dakika yao. Kwenye kipande cha mwisho Hamduni akaendesha kwa kufa na kupona, wakashinda kwa sekunde kumi na mbili. Hesabu zenu wenyewe mnaziweza.

Jumapili jioni wakala pilau, wakaimba, Ndeshi akamshukuru kila mtu kwa jina. Jumatatu mchana akaing'oa boneti kwa mikono yake, na tope lake na mikunjo yake, akailaza juu ya mapipa mawili. Akawaita watu wake watatu, akamwalika na Mzee Mringo. Akasema, "Niliahidi. Semeni."

Hamduni akatangulia, kama kawaida yake. "Mama Injinia, tusizunguke. Gari haliendi lenyewe. Aliyeshika usukani nani?"

"Na aliyelipindua nani?" akauliza Tumsifu.

Godauni zima likacheka, na Hamduni akacheka kuliko wote. Akainua mikono. "Haya, nimejitoa. Mimi uhai wangu unanitosha."

Mzee Luhende akasema, "Mwanangu, sikuzoea kujisemea, ila umeuliza. Mlinikasirikia niliposema siyaamini yale maungio. Nikakata. Ningeyaacha, leo tungekuwa msibani, tusingekuwa na boneti wala wa kumpa. Bila mimi wasingetoka humo."

Ndeshi akasema, "Ni kweli, Mzee wangu, na nakushukuru."

Tumsifu akasema, "Mama, ngome ilituokoa, sibishi, na mimi nilikuwa ndani yake. Lakini ngome inamwacha mtu hai, haimpi ushindi. Tulishinda kwa sekunde kumi na mbili. Mimi niliokoa sitini. Watu wote walikuwa wanasema twende, peke yangu nikasema kaa. Mnajua ilivyo ngumu kutulia wakati dunia nzima inakuzomea? Bila mimi tungekuwa wa pili."

Ndeshi akasema, "Ni kweli, mwanangu, na nakushukuru."

Mzee Mringo alikuwa ameinama anaitazama ile boneti. "Mimi nilikuwa mbele," akasema. "Shafti ile ningeiacha kwenye boksi langu, leo mngekuwa mnanipigia simu za pongezi. Bila mimi msingetoka kituoni."

"Mzee, wewe unazo tatu!" Hamduni akashindwa kujizuia.

"Ninazo tatu, na zote ni za huyu mama. Nilizitundika, na kila siku nilijua ni za nani. Hii ndiyo pekee ambayo ningeweza kuitazama bila kuona aibu." Akamgeukia Ndeshi. "Ndeshi, sikuwahi kukuambia asante. Nilikuletea shafti kwa sababu maneno yalinishinda."

Ndeshi machozi yakamtoka. Miaka kumi na tisa alikuwa akilingoja neno lile. Akasema, "Ni kweli, Mzee, na nakushukuru."

Tumsifu akasema kwa upole, "Mama, kwa nini tusiitundike hapahapa, iwe yetu sote?"

"Ya sisi sote ilikuwa pilau ya jana," akajibu Ndeshi. "Hii niliahidi ni ya mmoja. Nikiitundika hapa itakuwa ukutani kwangu, nami nitakuwa bosi kama mabosi wengine."

Akachukua kalamu ya wino mzito, akafuta tope kidogo kwa kiganja, akaandika: *Asante*. Akamtazama Mzee Luhende, ambaye bila yeye kuna wawili wasingekuwa hai. Akamtazama Tumsifu, ambaye bila yeye wangeshindwa. Akamtazama Mzee Mringo, ambaye alimsahau miaka yote ile, kisha akampa ushindi uliokuwa wake mwenyewe. Kalamu iko juu ya boneti, nafasi ya jina ni moja, na wote watatu wanamtazama.

Hapo nami nanyamaza, maana kalamu nawapa ninyi. Akimpa mmoja, wawili atawaachia lile donge alilolijua yeye. Je, nani alistahili?