Sifa Arobaini za Mheshimiwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana maana simu zilikuwapo, Kiboko alikuwa Waziri wa Maji. Bwawa lilikuwa moja tu. Siku moja akatangaza kwamba bwawa litazungushiwa uzio, wanywe wakubwa peke yao.

"Ila serikali yetu ni sikivu," akasema. "Mwenye maoni aandike kwenye jukwaa letu la mtandaoni. Mwisho Ijumaa."

Wanyama wadogo wakaandika, ta-ta-ta, mpaka kucha zikawauma. Kila mmoja akajibiwa vilevile: "Maoni yako yamepokelewa. Asante." Na huku nguzo zinachimbiwa, ndi, ndi, ndi, na walinzi wameshaanza kuwafukuza.

Pimbi alikuwa na watoto watatu, midomo imewakauka kwa kiu. Roho ilimuuma. Akashika simu, akalisoma jukwaa zima tangu juu hadi chini.

"Shoga, njoo uone," akamwita jirani yake Nungunungu. "Sisi wote tumejibiwa na mashine. Fisi peke yake ndiye kajibiwa na Waziri mwenyewe."

"Kwani Fisi kaomba nini?"

"Hajaomba kitu. Kamsifia meno."

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikalia chakacha. "Na wewe utamsifia nini, mwenzangu?"

"Kila kitu," akasema Pimbi.

Akaandika sifa arobaini: masikio, mkia, hata namna Waziri anavyopiga miayo. Ya ishirini na moja aliiandika hivi: "Kwa ukarimu wake, Mheshimiwa anaamuru uzio ung'olewe sasa hivi, na kila mwenye kiu anywe."

Kiboko akasoma mistari miwili, akatabasamu, akajibu kwa mkono wake: "Kweli tupu. Nitazisoma mwenyewe Ijumaa, mbele ya wote."

Ijumaa ikafika. Kiboko akasimama kando ya bwawa, akasoma kwa madaha. Masikio, vigelegele. Mkia, vigelegele. Akafika ya ishirini na moja, sauti imeshamnoga: "Mheshimiwa anaamuru uzio ung'olewe sasa hivi, na kila mwenye kiu anywe."

Umati haukungoja. Nguzo zikang'oka, ng'o, ng'o, na watoto wa Pimbi wakawa wa kwanza kujitosa majini, chubwi! Kiboko akabaki kinywa wazi. Kukana hawezi, kasema mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

"Endelea, Mheshimiwa," Pimbi akamwambia kwa adabu, maji yakimchuruzika kidevuni. "Zimebaki kumi na tisa."

Ndiyo hivyo, wanangu: mwenye masikio ya sifa tu, hukubali hata asilolisoma.