Dereva Aliyezihurumia Tairi

Isome taratibu, kisha mpelekee yeyote anayesema, "Nikimaliza hili nitarudi nyumbani."

Palikuwa na dereva aitwaye Ambwene, mtu wa nyanda za juu kusini. Aliendesha lori lenye trela refu la bapa, lile lisilo na kuta, lenye ekseli tatu nyuma. Alibeba mabomba na vyuma vya ujenzi kutoka bandarini hadi mpakani.

Trela la namna hiyo hula tairi. Likikata kona kali, magurudumu ya mbele ya kichwa cha lori hugeuka, lakini yale ya nyuma kwenye trela hayajui kugeuka. Huburuzwa ubavu juu ya lami, yakalia, na kila yanapolia huacha ngozi yake barabarani.

Mwenye malori alikuwa mama mmoja wa Njombe, Mama Mgaya. Siku moja aliwakusanya madereva wake yadini.

"Msimamizi wa yadi amestaafu," alisema. "Matrela yote yamefungwa tairi mpya. Mvua zitakapoanza nitazipima. Ambaye tairi zake zitakuwa zimechakaa kidogo kuliko za wenzake, yadi ni yake. Msiniletee maneno, nileteeni tairi."

"Na atakayekuja na vipara je, mama?" aliuliza dereva mmoja aitwaye Hango.

"Huyo ataanza kutembea kwa miguu."

Wakacheka. Ambwene hakucheka.

Mkewe, Atuganile, alikuwa mgonjwa. Madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani na kumweleza mumewe, kwa upole, kwamba tiba imefika mwisho. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu na kuwa naye. Kuwa naye ndilo jambo ambalo dereva wa safari ndefu haliwezi. Lakini yadi haikuwa mbali na kijiji chao, na msimamizi wa yadi hulala kwake kila siku.

Hakumwambia mtu pale kazini. Aliogopa kwamba dereva mwenye mgonjwa wa hali ile angepumzishwa safari, na asiye na safari hana la kushindania.

Basi akaanza. Kila asubuhi, tairi zikiwa bado za baridi, alipima upepo wa tairi za nje na za ndani, kwa sababu mbili zinazokaa pamoja zikitofautiana upepo, moja hubeba mzigo wote na nyingine huburuzwa. Alisimamia upakiaji mpaka wapakiaji wakamchukia: mzigo ukae katikati, usiegemee upande. Hakukanyaga breki kwa ghafla. Kona alizizunguka kwa upana. Na kugeuza gari mahali pembamba, hilo alilikataa kabisa. Afadhali aende mbele mpaka apate uwanja.

"Ambwene hageuzi gari mpaka aitishe kikao na tairi," Hango alimtania. "Kaka, hizo tairi si uzioe tu?"

"Ninaye mke," alijibu Ambwene.

Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara kuu. Kila alipopita alisimama kidogo. Atuganile aliletwa barazani, amefunikwa kitenge hadi kidevuni.

"Watoto wako hawajambo?" aliuliza, akimaanisha tairi.

"Hawajambo. Wamenenepa."

"Na mvua?"

"Inakaribia."

"Basi na mimi nitaingoja."

Katika safari ya mwisho kabla ya mvua, Ambwene alimkuta mkewe amelala. Subilaga, mdogo wa mkewe aliyekuwa akimuuguza, alimwomba asimwamshe, kwani usiku kucha hakupata usingizi. Ambwene alimtazama, akashusha pazia jua lisimpige usoni, akaondoka.

Hakuwa amefika mbali simu ilipolia. Akasimamisha gari pembeni.

"Shemeji, rudi," alisema Subilaga. "Dada amebadilika. Anakuita."

"Mpe simu."

Alisikia pumzi kabla ya kusikia sauti.

"Ambwene, uko wapi?"

"Nipo karibu. Sijavuka hata mto."

"Njoo."

Alishuka akatazama. Barabara ilikuwa nyembamba, ina mitaro pande zote mbili; hata pale pembeni lori lilikuwa limeziba nusu ya njia, asingeweza kuliacha. Palikuwa na kiwanja kidogo mbele ya duka, ambapo gari lingeweza kugeuka endapo tu trela lingekunjwa mpaka karibu liguse kichwa. Mzigo ulikuwa mzito. Lami ilikuwa kavu, imechemka kwa jua. Alijua, kuliko dereva yeyote wa Mama Mgaya, kona kama ile huzifanya nini tairi za ekseli tatu.

Aliinama akapapasa kashata za tairi, yale meno yanayoshika lami. Zilikuwa zimesimama vizuri, karibu kama mpya.

Mbele kulikuwa na mizani ya malori, na baada ya mizani palikuwa na uwanja mpana. Akapiga hesabu. Akigeuza hapa, kazi ya yadi imekwenda, na kazi ikienda, nani atakaa na Atuganile siku zote zilizobaki? Afadhali achelewe kidogo leo, ili asimkose tena kesho na keshokutwa.

Hesabu ile ilionekana sahihi. Lakini ilikuwa na kasoro: hapakuwa na siku zilizobaki.

Akaenda mbele. Kwenye mizani alikuta foleni. Alipoingia tu, malori mengine yakafunga nyuma yake, na hapakuwa tena na njia ya kutoka isipokuwa kungoja zamu. Alimwendea dereva wa mbele yake.

"Kaka, naomba unipishe. Nina mgonjwa."

"Hapa foleni nzima ina wagonjwa," alijibu yule, akidhani ni hila ile ile ya kila siku.

Simu ikalia tena. "Shemeji, geuza hapo hapo ulipo!"

"Siwezi sasa, Subi. Nimebanwa mbele na nyuma."

Subilaga alikata simu. Haikulia tena.

Zamu yake ilipofika alipimwa, akaingia uwanjani, akageuza kwa mzunguko mpana. Tairi hazikulia hata kidogo. Alirudi mpaka mbele ya nyumba yake, na kabla hajazima injini alisikia sauti za wanawake.

Hango ndiye aliyekuja kulichukua lile lori, kwa kuwa mzigo ulikuwa bado unangojwa mpakani. Siku chache baada ya mazishi, Mama Mgaya alikuja matangani pamoja na madereva wake. Aliketi kwenye benchi kando ya Ambwene.

"Mwanangu," alisema, "hapa si mahali pa neno hili, lakini labda litakutia nguvu. Gari lako limerudi, tumezipima tairi. Umeshinda, tena kwa mbali. Yadi ni yako utakapokuwa tayari."

"Asante, mama."

Hango akasogea. "Kaka, mimi nilikuwa na hofu na hilo. Siku ile nilipokuja kulichukua, gari lilikuwa limeelekea huku, na mimi naenda kule. Watu wamejaa uani, sikutaka kuanza kutafuta uwanja. Nikaligeuza hapo hapo mbele ya nyumba yako, na mzigo wake mgongoni. Trela lilipiga kelele mpaka nikaona haya mbele ya waombolezaji. Nikasema, nimemwangusha mwenzangu."

Ambwene akainua kichwa.

"Ulilikunja lote?"

"Lote, kaka. Ilibaki kidogo liguse kichwa."

"Na tairi?"

"Zimepungua kidogo tu. Ukiangalia kwa macho hujui. Hata baada ya hapo hakuna aliyekukaribia."

Hango alidhani anamfariji. Mama Mgaya, aliyekuwa akiutazama uso wa Ambwene, alimshika Hango mkono ili anyamaze, lakini yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Ambwene alisimama akaenda mpaka ukingo wa barabara. Kwenye lami palikuwa na alama nyeusi za tairi, zimepinda kutoka mtaro hadi mtaro. Hazikuwa ndefu. Alisimama akizitazama, na magari yakaendelea kupita juu ya alama zile.

Funzo: Unayemhangaikia akikuita, geuka hapo hapo ulipo, hata kama kitaharibika kile ulichokuwa ukimtunzia, kwa maana chenyewe huenda kikastahimili, naye asiweze kukungoja.